Kupitia Tundu la Printa

Tarehe 23 Aprili 2023 lilitoka toleo la 6.3 la kerneli ya Linux. Kerneli ni kiini cha mfumo endeshi, ile sehemu inayokaa kati ya programu zako na chuma chenyewe. Ndiyo inayojua kuiuliza kibodi ni herufi gani imebonyezwa, na kuiambia diski ihifadhi ulichoandika. Kila toleo huja na maelfu ya mabadiliko, na mengi hayamgusi mtu wa kawaida. Katika toleo hilo yalikuwemo mawili ambayo niliyasoma, nikarudi kuyasoma tena. La kwanza: kundi la madereva lililoitwa paride, lililokuwa humo tangu miaka ya tisini, limeondolewa. La pili: ameingia dereva mpya, jina lake pata_parport, na kazi yake ni ileile ya hao waliofukuzwa, yaani kusoma diski zilizochomekwa kwenye tundu la printa.

Nasema "ameingia" kwa makusudi. Mafundi wetu wamezoea kumwita dereva, na kwa Kiswahili dereva ni mtu. Ni programu ndogo inayojua kuendesha kifaa kimoja au jamii moja ya vifaa, lakini nyuma yake daima yupo binadamu aliyekaa na kifaa hicho mezani mpaka akakielewa. Nikajiuliza ni nani huyo, mwaka 2023, aliyekaa na diski ya tundu la printa. Kompyuta mpakato zilikuwa zimeliacha tundu hilo muda mrefu uliopita.

Wenye umri wangu wanalikumbuka. Lilikuwa pana kuliko matundu mengine yote nyuma ya kompyuta, lenye matobo 25 katika safu mbili, 13 juu na 12 chini, na skrubu mbili pembeni ambazo hakuna aliyezikaza. Kwenye mashine za mwishoni mwa miaka ya tisini lilipakwa rangi ya damu ya mzee. Jina lake la kitaalamu ni poti sambamba, kwa sababu biti nane husafiri pamoja, kila moja kwenye waya wake, badala ya kufuatana kwenye waya mmoja. Mitaani lilikuwa tundu la printa, na jina hilo lilikuwa sahihi zaidi, maana halikuundwa kwa kitu kingine chochote.

Asili yake ni Marekani, mwaka 1970, kampuni ya Centronics ilipotoa printa yake ya Model 101. IBM walipoleta kompyuta yao binafsi mwaka 1981 waliuchukua mpango huo na kuubana kwenye matobo 25. Nyaya zenye kazi zilikuwa 17, zilizobaki zikawa za kutuliza umeme tu. Nyaya nane zilipeleka herufi kwenye printa. Nyaya nne zilipeleka amri. Nyaya tano zilirudisha majibu, na majibu yenyewe yalikuwa ya printa kweli: nina shughuli, nimepokea, karatasi zimekwisha, nimewashwa, kuna hitilafu. Basi. Hapakuwa na njia ya printa kurudisha herufi, kwa sababu printa haina la kusimulia. Unaiambia, inaandika.

Sasa fikiria mtu anayetaka kuchomeka hapo diski. Diski ni kitu cha kuuliza na kujibiwa. Kuandika ni rahisi, nyaya nane zipo. Kusoma je? Jibu walilolipata wahandisi wa miaka ya themanini ndilo lililonifanya niipende hadithi hii. Walizigeuza nyaya za malalamiko ya printa kuwa njia ya kurudishia data. Kila baiti ilikatwa nusu mbili za biti nne nne. Nusu ya kwanza ilipita kwenye nyaya za majibu, kompyuta ikaisoma, ikatoa ishara, kisha nusu ya pili ikafuata. Faili lako, liwe barua au picha ya harusi, lilikuwa likirudi kwako kupitia, miongoni mwa nyingine, waya wa "karatasi zimekwisha". Kompyuta iliona karatasi zimekwisha, zipo, zimekwisha, zipo, makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na kutokana na kigeugeu hicho ikajenga upya sura ya kitabu.

Njia hiyo ilikuwa ya polepole, kilobaiti hamsini hadi mia moja na kitu kwa sekunde. Baadaye tundu lenyewe likaboreshwa. Mwaka 1987 IBM waliziruhusu zile nyaya nane zifanye kazi pande zote mbili katika mashine zao za PS/2; mwanzoni mwa miaka ya tisini zikaja namna mbili za kasi, EPP na ECP; na mwaka 1994 yote yakaandikwa katika kiwango kimoja, IEEE 1284. Ila kompyuta zilizokuwa tayari mezani hazikubadilika kwa sababu kiwango kimeandikwa. Aliyeuza kifaa cha kuchomeka hapo ilimbidi akubali zote, pamoja na ile ya kukata baiti nusu.

Kwa nini kujitaabisha hivyo? Kwa sababu tundu hilo lilikuwa kwenye kila kompyuta. Kuongeza diski ya ndani kulihitaji kufungua kasha, kutafuta nafasi na pengine kununua kadi. Kifaa cha tundu la printa ulikibeba mkononi. Maarufu kuliko vyote kilikuwa kile kisanduku cha buluu cha Iomega, Zip, kilichoingia sokoni mwaka 1995: diski moja ya megabaiti 100, sawa na karibu flopi 70. Printa nayo haikunyang'anywa mahali pake. Kisanduku kilikuwa na matundu mawili nyuma, moja la kwenda kwenye kompyuta na jingine la kupokea kebo ya printa, wakakaa kwa mfuatano kama abiria waliobanana kiti cha mbele.

Ndani ya visanduku hivi kulikuwa na jambo ambalo mnunuzi hakuambiwa. Zip ya tundu la printa ilikuwa ni Zip ya SCSI, ile lugha ya diski za mashine kubwa, iliyofichwa nyuma ya chipu ya kutafsiri. Vifaa vingi vilivyofuata, kama visoma CD, diski ngumu za kubebeka na SuperDisk za megabaiti 120, vilikuwa vifaa vya kawaida vya ndani ya kompyuta, vya aina ya IDE, vilivyotiwa kwenye kasha pamoja na kigavi cha umeme na chipu ndogo ya kubadilisha. Ukifungua kasha, ungeweza kuchomoa kisoma CD na kuweka diski ngumu badala yake. Siri yote ilikuwa kwenye chipu ile. Na kila mtengenezaji alikuwa na chipu yake, yenye namna yake ya kuamshwa, ya kukata baiti na ya kuagana.

Kwa watumiaji wa Windows hilo halikuwa tatizo. Kifaa kilikuja na flopi yenye dereva. Kwa Linux, ambayo wakati huo ilikuwa kazi ya watu wa kujitolea, hakuna flopi iliyokuja. Hapo ndipo anapoingia Grant Guenther. Jina lake liko juu ya faili za dereva ppa, aliyeandikwa 1995 na 1996 kwa ajili ya Zip, na ambaye baadaye alitunzwa na David Campbell. Ujanja wa ppa ulikuwa kuiambia kerneli uongo mtakatifu. Aliiambia kwamba kwenye kompyuta hii kuna kadi ya SCSI, na juu ya kadi hiyo, kwenye anwani namba 6, kuna diski. Kerneli ilijua SCSI vizuri, ikaamini, ikaanza kutuma amri zake za kawaida. Kwa chini ppa akawa anazikata amri hizo na kuzipitisha kwenye nyaya za printa.

Kulikuwa na kasoro moja, na watu wa wakati huo waliisema sana. Katika kerneli 2.0 ya mwaka 1996, tundu lilikuwa na mwenyewe mmoja tu. Dereva wa printa, lp, akishalishika, ppa hapati. Ppa akilishika, printa inakaa kimya. Mtu aliyekuwa na vyote viwili kwenye kebo moja, kama kampuni ilivyomwahidi, alilazimika kumwondoa dereva mmoja kwa mkono, kumpakia mwingine, kuchapa ukurasa wake, kisha kuwageuza tena. Suluhisho lilikuja katika kerneli 2.2, Januari 1999. Watu kadhaa, miongoni mwao Phil Blundell na Tim Waugh, walikuwa wamejenga tabaka la katikati lililoitwa parport. Tabaka hili likawa kama mwenye nyumba. Dereva yeyote anayelitaka tundu humwomba, hulitumia, hulirudisha; akitaka mwingine, husubiri zamu. Printa na diski zikakaa pamoja bila mtu kusimama katikati yao.

Guenther hakuishia kwenye Zip. Kati ya 1997 na 1998 aliandika paride, na hapa naomba msomaji avumilie maelezo ya kifundi kidogo, kwa sababu ndipo penye akili yenyewe. Angeweza kuandika dereva mmoja kwa kila kifaa sokoni: huyu wa diski ya kampuni hii, yule wa kisoma CD cha kampuni ile. Wangekuwa mamia. Yeye aliona kwamba mambo ni mawili tu, aina ya kifaa na lugha ya chipu, na kwamba hayategemeani. Akayatenga. Upande mmoja akaweka madereva wa aina: pd kwa diski ngumu, pcd kwa CD, pf kwa diski za kutolewa kama SuperDisk, pt kwa kanda, na pg kwa vilivyobaki, kama vile mashine za kuchoma CD. Upande wa pili akaweka itifaki, moduli moja kwa kila jamii ya chipu: epat, bpck, frpw, on26, fit3 na wenzao, zikafika 15. Katikati akaweka moduli yenyewe iitwayo paride, ya kuwaunganisha. Ukinunua kifaa kipya chenye chipu ya zamani, kazi ilikuwa imekwisha kufanyika kabla hujafika nyumbani.

Kuvisanidi kulikuwa na utaratibu wake. Unapakia paride kwanza, halafu itifaki, halafu dereva wa aina, kwa mpangilio huo. Ukiwa na kifaa kimoja tu, dereva alijaribu mwenyewe mpaka akakipata. Ukiwa na viwili, ilikubidi uandike mstari unaoanza na drive0, kisha namba zikifuatana kwa mkato: anwani ya tundu, ambayo mara nyingi ni 0x378, namba ya itifaki, namba ya kifaa, namna ya kusafirisha, na mengine, mpaka kiasi cha kusubiri kati ya ishara moja na nyingine. Namba ya itifaki haikuwa ya kudumu, ilitegemea ulizipakia moduli kwa mfuatano gani. Ukizigeuza, epat iliyokuwa 0 inakuwa 1, na diski yako inazungumzishwa kwa lugha ya jirani.

Napenda zaidi habari ya vifaa vya backpack vya MicroSolutions. Hivi viliweza kuunganishwa vingi kwenye tundu moja, kimoja nyuma ya kingine, kwa hiyo kila kimoja kilihitaji jina. Maelekezo ya paride yalikwambia namba ya kifaa ni tarakimu mbili za mwisho za namba yake ya kiwandani. Yaani ili kuisanidi kerneli ulilazimika kukiinua kisanduku, ukigeuze na usome kibandiko kilicho chini yake. Sijui usanidi mwingine wa kerneli unaomtaka mtu ainame mezani hivyo.

Kiasi cha kusubiri nacho kina hadithi. Nyaya hizi hazikuwa na saa ya pamoja ya kutegemewa. Kebo ikiwa ndefu au mbovu, ishara ilichelewa na data ikaharibika. Dawa ilikuwa kuongeza namba ya mwisho mwisho, moja, kisha mbili, kisha nne, mpaka diski isomeke sawasawa. Ilikuwa kama kuongea na mzee asiyesikia vizuri, unapunguza kasi mpaka anaitika. Tena kazi hii yote aliifanya kichakataji chenyewe, baiti kwa baiti, ndiyo maana paride ilikuwa na kigezo kiitwacho nice, cha kumwomba dereva aachie nafasi kidogo ili mashine isigande wakati wa kunakili.

Madereva hawa niliwajua kwa kusoma tu, kwa miaka mingi, mpaka nilipopata kazi iliyowahitaji.

Mimi hupata riziki kwa kuhamisha kumbukumbu za watu, kutoka kanda, flopi na diski za zamani kwenda kwenye vifaa vya leo. Mzee mmoja aliyewahi kuwa na kiwanda kidogo cha uchapaji Dar es Salaam alinitumia ujumbe kupitia mpwa wake. Nilimkuta barazani, kopo la biskuti mapajani. Ndani mlikuwa na diski za Zip 11.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye unayefungua hivi?"

Nikamwambia nitajaribu. Akanieleza kwamba mwaka 1998 alipanga kurasa za kitabu cha rafiki yake, mwalimu mstaafu, habari za kijiji chao na watu wake. Fedha hazikupatikana, kitabu hakikuchapwa. Mwalimu alikwisha kufariki, na mswada wa karatasi uliliwa na mchwa. Watoto wa marehemu walikuwa wanaulizia. "Wao wanadhani nimekaa nacho tu," alisema. "Kimo humu. Ila mimi sina pa kuvichomeka."

Kisanduku cha buluu alikuwa nacho, kimefungwa kwenye gazeti, ni cha tundu la printa. Tatizo likawa tundu. Kariakoo zinauzwa kebo za kubadilisha USB kuwa tundu la printa, lakini hizo zinajua kuchapa tu. Zinapokea ukurasa na kuusukuma, haziwezi kumpa dereva kila waya aushike atakavyo. Nilihitaji kompyuta yenye tundu la kweli, lililounganishwa kwenye ubao wake. Mtumba umetusaidia katika hili. Kompyuta za mezani za miaka ya mwanzo ya 2000, zilizokwisha kutupwa na maofisi ya Ulaya, bado zinapatikana kwetu, na kwa fundi mmoja nilipata iliyokuwa ikitumika kukatia tiketi za mabasi, maana zile printa zinazogonga utepe wa wino bado zinalitaka tundu hilo.

Nikaweka Debian. Nikaingia kwenye BIOS, mahali pa kuchagua namna ya tundu, nikaliacha kwanza kwenye namna ya kale kabisa, kwa kuwa nilitaka kuona ikifanya kazi kabla sijataka mwendo. Nikaandika modprobe ppa. Kerneli ikajibu kwamba imekuta kifaa kwenye anwani 6, namba ileile aliyoichagua mtu fulani huko Marekani katikati ya miaka ya tisini. Diski ikajitokeza kama sdb, na sehemu yenye faili ikawa sdb4. Namba nne hiyo nayo ni ya Zip: diski za kiwandani zilikuja na sehemu moja tu, iliyoandikwa kwenye nafasi ya nne badala ya ya kwanza.

Kabla ya kufungua faili lolote nilianza kunakili diski nzima, biti kwa biti, kwenye diski ya kompyuta. Nikakaa nikisikiliza. Kila aliyewahi kutumia Zip anaujua ule mdundo uliotisha watu, kichwa kikigonga na kurudi, kikigonga na kurudi, uliofanya hata kesi ya pamoja ifunguliwe Marekani mwaka 1998. Haukutokea. Kulikuwa na mvumo tu, sauti nyembamba ya kitu kinachozunguka baada ya kulala miaka zaidi ya ishirini. Megabaiti 100 za diski ya kwanza zilichukua zaidi ya nusu saa, baiti zikirudi nusu nusu kwenye waya wa karatasi. Kisha nikazima, nikachagua EPP kwenye BIOS, nikawasha tena. Dereva akaitambua mwenyewe, na diski ya pili ikaisha kwa dakika chache.

Diski mbili kati ya 11 zilikuwa na ukungu unaoonekana hata bila miwani, sikuzitia kabisa. Kitabu cha mwalimu kilikuwa kwenye ya saba. Kilipangwa kwa PageMaker, programu ambayo haiuzwi tena, lakini LibreOffice ina kifungua faili zake, kilichoandikwa nacho na watu wa kujitolea. Herufi zilikaa mahali pake. Kurasa 142. Mzee aliposoma ukurasa wa kwanza kwenye kioo hakuzungumza juu ya marehemu; alisema nafasi kati ya mistari ni kubwa mno, angeibana.

Narudi kwenye historia. Watengenezaji wa vifaa hivi hawakudumu. SyQuest, mshindani wa Zip, ilifilisika mwaka 1998. Iomega ilinunuliwa na EMC mwaka 2008. Aliyewaondoa wote ni USB, na sababu haikuwa kasi peke yake. USB ilikuja na makubaliano kwamba diski zote zitaongea lugha moja. Dereva mmoja akatosha kwa flashi ya mtengenezaji yeyote duniani. Zile itifaki 15 za Guenther zilikuwa ndizo bei ya kutokubaliana, na bei hiyo aliilipa yeye, si kampuni. Nikiri, kampuni moja ililipa kidogo: MicroSolutions yenyewe ilitoa msimbo kwa ajili ya moduli ya bpck6, na jina lake liko humo hadi leo.

Msimbo ukakaa. Miaka ikapita, na huku ndani ya kerneli nyumba ikawa inajengwa upya. Namna ya kupanga maombi ya diski ilibadilishwa, na kila ilipobadilishwa, mtu ilimbidi aende kurekebisha pd, pcd na pf bila kuwa na kifaa cha kujaribia. Msimbo usiojaribiwa na yeyote ni mzigo, na watunzaji wa kerneli waliotaka uondoke siwalaumu. Kubeba vitu kwa ajili ya watumiaji wasioonekana kuna gharama, na wao ndio wanaoamka usiku kuibeba.

Ila mtumiaji asiyeonekana alikuwepo. Ondrej Zary alikuwa na vifaa hivyo, na mwaka 2022 alileta pendekezo lake. Alichofanya ni kurudi kwenye ule mgawanyo wa Guenther na kuuheshimu. Itifaki, yaani ujuzi wa chipu, alizichukua karibu kama zilivyokuwa. Madereva wa aina akawaacha wafe, kwa sababu Linux ya leo tayari ina tabaka moja linaloendesha diski za jamii ya IDE, libata. Hakuna haja ya dereva wa pekee wa CD ya tundu la printa na mwingine wa diski ngumu yake. Kwa hiyo pata_parport ni daraja jembamba tu: huku chipu za 1997, kule kerneli ya sasa. Majina ya vifaa nayo yakabadilika, diski ikawa sda au sdb kama nyingine zote. Hata usanidi ukawa mwepesi. Ule mstari wa namba umekufa. Sasa unaandika neno auto kwenye faili liitwalo new_device, na dereva anazijaribu itifaki zilizopakiwa moja baada ya nyingine.

Kuna kilichopotea, na Zary alikisema wazi katika maelezo yake. Madereva wa libata hawaruhusiwi kulala wakisubiri zamu. Hivyo pata_parport akishalishika tundu haliachii mpaka kifaa kiondolewe. Printa haiwezi tena kukaa nyuma ya diski kwenye kebo moja, wala backpack mbili haziwezi kufuatana. Ule ujirani uliopatikana mwaka 1999, baada ya malalamiko ya miaka mitatu, umerudi ulikokuwa mwaka 1996. Nadhani ni biashara ya haki. Anayechomeka kifaa hiki leo anataka kutoa kilichomo na kuondoka.

Baada ya dereva kupokelewa, Zary hakuondoka. Miezi iliyofuata aliendelea kutuma marekebisho, itifaki moja baada ya nyingine, na lililonivutia ni la Oktoba 2023, linalohusu fit3, chipu ya diski za TransDisk 3000. Libata ilitaka kuzifikia rejista fulani za udhibiti za kifaa, na msimbo wa zamani wa fit3 haukujua namna ya kuzifikia. Zary alimwendesha dereva wa asili wa DOS ndani ya DOSEMU, programu inayoiga DOS juu ya Linux, akafuatilia kila ishara aliyoipeleka kwenye tundu. Dereva wa DOS naye hakuzigusa rejista hizo hata mara moja. Ikabaki kubahatisha. Katika maelezo ya rekebisho lake anasema alijaribu tu biti namba 3, na ikafanya kazi.